Mizizi minne mezani: upi nimpelekee shangazi?

Shangazi alinipigia simu jioni moja kutoka Marangu. Hakuanza na habari za mvua wala za migomba kama kawaida yake. "Mwanangu, wewe si umesomea dawa? Huku kila anayekuja kunipa pole anakuja na mzizi wake. Nimechoka. Nichagulie mmoja, nitakunywa huo huo."

Ana saratani ya titi. Upasuaji alishafanyiwa, ile dripu nyekundu alishaimaliza, na mbele yake zilikuwa zimebaki dripu tatu za dawa nyingine.

Mimi ni mfamasia hapa Moshi mjini, jirani na Soko la Mbuyuni, kwa hiyo swali hili si geni dirishani kwangu. Jibu langu la miaka yote limekuwa, "Msikilize daktari wako." Mteja anaitikia kwa heshima, anachukua chenji yake, anavuka barabara kwenda kununua mzizi. Kwa shangazi nikaona hapana. Mtu amekuomba umchagulie, mchagulie. Nikafunga duka mapema nikaenda kununua kila alichotajiwa, nivilinganishe kama ninavyolinganisha dawa mbili za presha: kina nini ndani, kimepimwa kwa nani, kina madhara gani, na kinagombana vipi na dawa ambazo mgonjwa anazo tayari mwilini.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimia mama wa Kimaasai ninayemfahamu pale sokoni.

"Iko. Leo unaumwa wewe?"

"Si mimi, ni shangazi. Ana saratani."

Hakushtuka. Alivuta gunia, akachagua mzizi mnene, akakwangua ganda kwa kisu. Ndani ukatokea wa njano. "Oloisuki huu." Kwa Kiswahili ni mjafari. Akatoa mwingine, mwembamba na mgumu, umefungwa kwa utepe wa mpira wa tairi pamoja na wenzake. "Na huu ndio ule wa Babu." Mtandamboo. Tangawizi na manjano nilivichukua meza ya jirani, kwa mama wa Kipare. Nilipokuwa naondoka yeyo aliniita, akanitumbukizia mfukoni kipande cha tano, cheusi kwa nje, hakina harufu. "Nyongeza. Uchemshe pamoja." Nikamuuliza jina. Akalitaja haraka kwa Kimaa, sikulishika, na tayari alikuwa anamhudumia mtu mwingine.

Maneno mawili yanayouza mizizi

Chukua karatasi yoyote ya tangazo la dawa za mizizi, iwe ya Moshi au ya stendi ya Arusha. Itakuambia mambo mawili: mzizi huu una antioksidanti nyingi, na maabara imeonyesha unaua seli za saratani. Mara nyingi yote mawili ni kweli. Mmea hauna miguu ya kukimbia adui. Hujilinda kwa kemikali, na mzizi unaoishi miaka mingi ardhini kati ya fangasi na wadudu huwa ghala la kemikali hizo. Ukikosa antioksidanti kwenye mzizi wa porini, rudia kipimo, umekosea.

Mitaani neno hilo limegeuzwa kuwa "viondoa sumu", na tafsiri hiyo imetuumiza. Mtu anapata picha ya ufagio unaopita ndani ya damu. Kinachotokea ni kidogo zaidi ya hapo. Mwili ukitumia oksijeni hubakiza radikali huru, yaani molekuli zilizopungukiwa elektroni moja, nazo hunyakua elektroni kwa jirani na kumharibu. Antioksidanti ni kitu kilicho tayari kutoa elektroni yake ili mnyang'anyi atulie.

Kipimo chake nilikifanya kwa mikono yangu nikiwa mwanafunzi. Kuna unga unaitwa DPPH. Ukiuyeyusha kwenye kileo unatoa zambarau kali, kama wino wa muhuri. Unadondoshea mchujo wa mmea wako, unaweka gizani nusu saa, unarudi. Zambarau ikigeuka njano, mmea una antioksidanti. Nilikuwa na majani ya mti fulani wa porini ambayo niliyafuata kwa siku nzima, na kwa utani mwenzangu akaweka pembeni chai ya rangi ya kantini, ile isiyo na sukari. Chai ilishinda. Iligeuka njano kabla sijafunga mlango wa kabati.

Sasa je, kupeleka antioksidanti nyingi mwilini kunazuia saratani? Hilo lilijaribiwa kwa watu, tena wengi. Finland waliwapa wanaume 29,133 wavutaji sigara vidonge vya vitamini E, vya beta-karotini, au vidonge vitupu. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa 18%. Wamarekani walikuwa na jaribio lao kama hilo, wakalisimamisha mapema mwaka 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Halafu likaja jaribio kubwa la vitamini E na seleni kwa wanaume zaidi ya 35,000. Mwaka 2011 ikaonekana waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume zaidi kwa 17%. Seli ya saratani nayo hulemewa na radikali huru. Ukimletea mlinzi, anamlinda na yeye.

Zaidi ya hapo, mionzi na baadhi ya dawa za kemo, yaani dripu za saratani kama za shangazi, huua saratani kwa kutumia radikali hizo hizo. Mgonjwa anayekwenda kwenye mionzi asubuhi na kunywa lita ya antioksidanti jioni ni kama mtu anayewasha moto huku mwenzake anamwagia maji.

Neno la pili, "inaua seli za saratani", lina hadithi yake. Seli zinazotumika maabara hulelewa kwenye kisahani. Zile za saratani ya titi zinazotumika sana, MCF-7, zilitoka kwa mgonjwa wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970 na bado zinagawanyika hadi leo. Seli hizo hazina ini la kuvunjavunja dawa, hazina figo za kuikojoa, hazina utumbo wa kuikataa. Mchujo unamwagwa moja kwa moja juu yake. Kisha mtafiti anatafuta kiwango kinachoua nusu yao. Kwa desturi iliyoanzia Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, mchujo ambao haujasafishwa huhesabiwa kuwa na maana ukifanya kazi hiyo kwa mikrogramu 20 kwa mililita au chini yake. Ukikuta utafiti unaosifia mzizi kwa mikrogramu 300, weka chini ukaendelee na kazi zako.

Taasisi hiyo hiyo, kati ya mwaka 1960 na 1982, ilipima michujo ya mimea zaidi ya 100,000. Dawa kubwa zilizotoka humo zinahesabika kwa vidole.

Mtandamboo

Nianze na huu kwa sababu ndio shangazi alioutaja kwa jina. Wataalamu wanauita Carissa spinarum, zamani Carissa edulis, Wamaasai, olamuriaki, Wasonjo wa Samunge, mugariga. Ni kichaka cha miiba chenye maua meupe yenye harufu nzuri na matunda meusi ambayo sisi wote tumeyala tukichunga mbuzi. Mwaka 2011 mzizi wake ulisimamisha nchi. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, ndiye huyo Babu, aliuchemsha kijijini kwake Samunge, Loliondo, akatoa kikombe kimoja kwa sh 500, na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi kwenye vumbi, kutoka Tanzania na nchi jirani. Watu walikwenda na kisukari, Ukimwi, saratani. Babu alifariki mwaka 2021. Sifa ya mzizi haikufa naye.

Ndani yake kuna nini? Kuna lignani, kundi la kemikali ambalo watafiti wa Thailand walilitoa kwenye mmea huu na kuona lina nguvu nzuri dhidi ya radikali huru. Na kuna glikosidi za moyo, ndugu wa digoksini tunayowapa wagonjwa wa moyo kwa vipimo vya miligramu zisizofika moja. Kemikali za jamii hiyo huua seli za saratani kisahani kwa urahisi sana, na huo ndio ugumu wake: kipimo kinachotisha saratani kiko karibu mno na kipimo kinachotisha moyo.

Kikombe cha Babu kilikuwa kimoja, kwa mtu mmoja, mara moja tu. Nani leo anakunywa kikombe kimoja? Shangazi alishauriwa kunywa asubuhi na jioni kwa miezi mitatu. Na ile dripu nyekundu aliyomaliza ni doksorubisini, dawa inayojulikana kwa kuuchosha moyo, hata ina kikomo ambacho mgonjwa hapaswi kukivuka maisha yake yote. Kumpa mama huyu mzizi wenye glikosidi za moyo wiki hizo hizo ni jambo ambalo kama mfamasia siwezi kulisaini.

Kuna jingine, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mtandamboo una binamu porini anaitwa olmorijoi kwa Kimaa, Acokanthera, mti wa sumu ya mishale. Majani yake yanafanana, maua yanakaribiana, utomvu wa wote wawili ni mweupe kama maziwa. Kinachowatofautisha haraka ni miiba: mtandamboo unayo, olmorijoi hauna. Sasa niambie, mzizi uliochimbwa, ukamenywa na kukatwa vipande vya sentimita 10, miiba utaiona wapi? Nilikigeuza kile kipande mezani mara nyingi, nikakinusa, nikakipasua. Yule yeyo namwamini, amezaliwa na miti hiyo. Aliyemuuzia gunia simjui.

Mtu akitaka uhakika, Arusha tuna ghala la taifa la mimea iliyokaushwa pale Ngaramtoni, na wapo wataalamu wa kutambua mimea. Lakini watakuomba tawi lenye majani, na ikiwezekana ua au tunda. Kwa mzizi uliomenywa, utawapa kazi ngumu.

Mjafari

Huu ndio wenye kemia nzito kuliko yote minne. Zanthoxylum chalybeum, mti wenye vinundu vya miiba kwenye gome na majani yanayonukia limau ukiyafikicha. Hapa kaskazini watu huchemsha chai yake kwa kifua na malaria, na Wamaasai huutia kwenye supu. Ile njano niliyoiona kwenye kisu cha yeyo inaendana na alkaloidi, yaani kemikali kali za mimea, zilizomo mzizini, nitidini na kelerithrini zikiwemo.

Nitidini inaua seli za saratani kweli kweli, kwa viwango vidogo. Iligombaniwa na watafiti tangu miaka ya 1970, yenyewe na ndugu zake kutoka miti mingine ya Zanthoxylum ya Afrika Magharibi. Mbona haiko kwenye kabati langu la dawa? Kwa sababu ilipotoka kisahani kwenda kwa wanyama, sumu yake haikuchagua seli ya saratani na seli ya kawaida. Kwa hiyo tangazo linalosema "wanasayansi wamethibitisha" linasema kweli, ila limesimamisha hadithi katikati.

Supu ya mara moja moja yenye kipande cha oloisuki sina ugomvi nayo. Mtafiti Timothy Johns alichapisha mwaka 1999 uchunguzi wa mizizi na magome ambayo Wabatemi, yaani hao hao Wasonjo, pamoja na Wamaasai hutia kwenye maziwa na supu ya nyama, akakuta mengi yana saponini na fenoli, kemikali za mimea ambazo huenda zinasaidia kushusha lehemu kwa watu wanaokula mafuta mengi ya mnyama. Hiyo ni hekima ya jikoni, kipande kimoja kwenye sufuria la watu kumi. Kuukausha mzizi, kuusaga na kumpa mgonjwa wa kemo vijiko vitatu kwa siku ni kitu kingine kabisa, hata kama jina la mti ni lile lile.

Manjano na tangawizi

Hivi viwili si mizizi kwa lugha ya darasani, ni mashina yanayotambaa ardhini, lakini sokoni hakuna anayejali. Faida yao dhidi ya ile miwili ya juu ni kwamba binadamu wamekula mamilioni ya tani kabla yetu, na vimepimwa kwa wagonjwa.

Manjano ina kukumini, kemikali inayoipa rangi yake. Kwa wingi wa tafiti hakuna mzizi unaoifikia, zipo maelfu. Mwaka 2017 kundi la wanakemia walizipitia na kutoa hukumu kali: kukumini huchezea vipimo vya maabara vyenyewe, inaonekana inafanya kazi hata pale isipofanya, na haijawahi kufaulu katika jaribio la wagonjwa lililopangwa vizuri. Utumbo hauitaki. Hospitali moja ya saratani ya Marekani iliwapa wagonjwa wa kongosho gramu 8 za kukumini kila siku, na iliyoonekana kwenye damu yao ilikuwa chembe tu. Unga wa manjano una kukumini kiasi cha 3%, hivyo kuzifikia gramu 8 shangazi angelazimika kula zaidi ya robo kilo ya unga kwa siku. Pilau gani hiyo?

Wauzaji wa vidonge wamelijua hilo, wakaongeza pilipili manga ili ifyonzwe. Ndipo zikaanza taarifa za watu walioumia ini kwa vidonge vya manjano. Na kuna utafiti wa mwaka 2002 kwenye seli na panya wenye saratani ya titi, ulioonyesha kukumini ikiikinga saratani dhidi ya dawa za kemo, doksorubisini ikiwa mojawapo. Panya si shangazi, lakini sikuona sababu ya kumjaribishia.

Manjano ya kwenye mchuzi, endelea nayo. Ila nunua vidole vikavu, usage mwenyewe. Huko Bangladesh mwaka 2019 watafiti walikuta wasagaji wakitia kromati ya risasi, rangi ya njano yenye sumu ya madini ya risasi, ili unga ung'ae. Unga unaong'aa kama rangi ya ukutani, mimi siununui popote.

Tangawizi ndiyo isiyo na mbwembwe. Hakuna anayeiuza kwa minong'ono, inakuja kwa malori kutoka Mamba Myamba kule Same, udongo bado umeshikamana nayo. Maabara nayo inaua seli, kama wenzake. Lakini yenyewe ina jaribio kubwa la wagonjwa halisi wa kemo, lililowajumlisha 576 nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2012. Walipewa tangawizi nusu gramu, gramu moja, au gramu moja na nusu kwa siku, kuanzia siku tatu kabla ya dripu, juu ya dawa zao za kawaida za kuzuia kutapika. Kichefuchefu cha siku ya dripu kilipungua, na waliofaidi zaidi ni wale wa nusu gramu na gramu moja. Waliopewa nyingi hawakuwashinda. Gramu moja ya unga ni kama nusu kijiko cha chai.

Haikutibu saratani ya mtu yeyote kati yao. Ilimsaidia mtu ale ugali siku ambayo asingeula. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize kwanza kabla ya kuzidisha, basi.

Mzizi wa mlima mwingine

Wateja wakifika hapa huniuliza: kwa hiyo mizizi haitibu saratani? Inatibu. Nina mfano. Kwenye miteremko ya Himalaya kuna mmea mfupi wenye tunda jekundu, Podophyllum, ambao wenyeji wa India wametumia mizizi yake tangu zamani. Ndugu yake yupo Marekani, na Wahindi Wekundu nao waliutumia. Humo hutoka podofilotoksini. Ikitumika nzima mwilini ni sumu. Ilibaki kuwa dawa ya kupaka vigwaru. Wanakemia wa kampuni ya Sandoz ya Uswisi wakaichukua, wakaibadilisha kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na mwaka 1983 Marekani ikaidhinisha zao lake: etoposidi. Leo iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, inatibu saratani za korodani, mapafu na nyinginezo. Mmea wa Himalaya wenyewe umechimbwa hadi biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa kimataifa.

Tofauti ya mzizi huo na mjafari wetu si kwamba Himalaya ni ndefu kuliko Kilimanjaro. Mmoja ulipitishwa ngazi zote, mwingine umekwama kwenye kisahani.

Na upo mzizi uliofanya kinyume. Brussels, Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki ya kupunguza uzito iliwapa wanawake unga wa mizizi ya Kichina. Ndani yake uliingia mzizi wa Aristolochia kwa kuchanganywa majina. Zaidi ya mia moja waliharibikiwa figo, na baadaye baadhi yao wakakutwa na saratani ya njia ya mkojo. Mzizi, wa asili, haujawekwa kemikali yoyote ya kiwandani.

Jambo ambalo shangazi hakulijua, nami nilichelewa kumwambia: dripu zake tatu zilizobaki ni paklitaxeli. Hiyo ilitoka kwenye gome la mti wa misitu ya magharibi ya Marekani. Gome lilikusanywa mwaka 1962, kemikali ikatangazwa mwaka 1971, dawa ikaidhinishwa mwaka 1992. Miaka 30 ya kuulizana: kiasi gani, kila baada ya siku ngapi, nani asipewe. Anayemwambia aache kemo "arudi kwenye miti" hajui kwamba mti uko kwenye ile chupa inayoning'inia.

Nilichomchagulia

Shangazi, na yeyote aliye katikati ya kemo au mionzi: tangawizi ya jikoni, nusu kijiko cha chai kwa siku au kipande kwenye chai, na daktari ajue. Mtandamboo hapana. Mjafari wa unga hapana. Manjano ibaki kwenye chungu, vidonge vyake hapana.

Mtu mzima asiyeumwa anayetaka tu "kujikinga" anaweza kuendelea na supu yake ya oloisuki mara moja moja, ila asidhani amenunua bima. Mwenye binti wa miaka 9 hadi 14 afuatilie chanjo ya HPV, inatolewa nchi nzima tangu mwaka 2018. Dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi hakuna mzizi wa Mbuyuni unaoikaribia.

Wababa wanaoamka usiku mara nne kukojoa nao huniuliza habari za gome la mkondekonde, Prunus africana, ambalo wauzaji hulichanganya kwenye fungu la "dawa ya saratani ya tezi dume". Hilo ni gome, si mzizi, na kazi yake ni kuvimba kwa tezi dume kusiko saratani. Kwa kazi hiyo lina ushahidi wa wastani: majaribio 18 yaliyojumlishwa pamoja, wanaume 1,562, safari za chooni usiku zikapungua kwa 19%. Lakini baba huyo akipoteza mwaka mzima kwa gome bila kupima, anaweza kuwa anatuliza mkojo huku saratani yenyewe inatembea. Apime kwanza. Na mti huo unaokua Kilimanjaro na Meru umechunwa sana, uko kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa kimataifa tangu mwaka 1995.

Siku ya kliniki nilimsindikiza. Nilikuwa nimevifunga vyote kwenye gazeti, kila kimoja na jina kwenye utepe wa plasta, na shangazi alisisitiza tuende navyo ili daktari aone kwamba hafichi kitu. Daktari, kijana mpole, alivipanga mezani akasoma majina moja moja. Mtandamboo akausogeza kando. Mjafari akausogeza kando. Manjano akauliza ni kiasi gani. Kwenye tangawizi akatikisa kichwa kukubali, akaandika kwenye faili.

Halafu akainua kile kipande cheusi, kisicho na utepe. "Mama, na huu?"

Shangazi akanitazama mimi. Mimi nikatazama gazeti.

"Huo wa bure, daktari," akasema shangazi. "Tulipewa nyongeza."